Nyundo ya Kumi na Mbili

Karakana ya Kusubu Chuma,
Mikumi.
Tarehe 11 Machi 2024

Kwako Fundi Shimba,

Shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Mama Yeremia na wote hapo nyumbani Kilosa. Sisi huku tunaendelea, ila mvua imetuzidi. Barabara ya kuja huko imekatika mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na kondakta atakayeichukua bahasha hii ameniapia kwamba ataifikisha dukani kwa Lightness hata ikibidi avue viatu.

Najua utashangaa kuandikiwa barua na mtu mwenye simu. Nimekupigia, Fundi. Tangu ajali ile nimekupigia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mara mbili ulipokea, nikasikia pumzi yako, nikakuamkia, ukakaa kimya, ukakata. Baada ya hapo ikawa inaita tu. Nimekubali kwamba hutaki kuisikia sauti yangu. Labda mwandiko wangu utauvumilia, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiusifia nilipokuandikia majina kwenye makopo ya mchanga.

Nina jambo. Taasisi iliyolipia jaribio letu imefungua karakana hapa Mikumi na mimi ndiye msimamizi. Tunatengeneza zilezile nyundo za mashine za kuchambulia miwa, zile tulizozianza mimi na wewe chini ya bati lako: mwili wa chuma cha kusubu, kilichoyeyushwa na kumiminwa, na nchani chembe za kauri zilizoshikwa na chuma hichohicho, ili mchanga unaokuja na miwa usizile zikaisha ndani ya wiki mbili. Mwezi Juni viwanda vidogo vya sukari guru vya Kidodi vitafungua msimu, na vitano vimeomba nyundo zetu. Ni watu watano watakaosimama mbele ya mashine kama alivyosimama Kasiani.

Sijui kama unaweza kulisoma jina hilo bila kuumia. Mimi siwezi kuliandika bila kuumia. Alikubali kuzijaribu nyundo zetu wakati kila mtu anatucheka, na mkono wake wa kulia ukabaki hospitali.

Kwa hiyo, kabla sijamimina hata moja, nataka uhakika. Unakumbuka tulivyokuwa tukifanya: tunasaga mawe ya kunolea yaliyovunjika, tunazikanda chembe kwa gundi mpaka zinakuwa vile vidonge ulivyoviita maandazi, tunavichoma, tunavipanga kwenye kalibu, kisha chuma kilichoyeyuka kinapenya katikati ya chembe na kuzishika. Andazi likibaki na unyevu, mvuke unatafuta njia na kuacha pango ndani ya chuma, na kwa nje hakuna anayeliona. Nyundo iliyovunjika na kumkata Kasiani ilikuwa na pango la kuingia kidole gumba. Nilikuagiza uyachome maandazi yale masaa manane. Daftari la tanuri, kwa mwandiko wako, linasema manne. Hilo ndilo nililoliandika kwenye ripoti ya ajali, kwamba fundi hakufuata maelekezo. Sikuandika zaidi ya hapo.

Nakuomba uniambie kwa nini manne. Kama mkaa uliisha, kama tanuri lilipasuka, kama kulikuwa na sababu ambayo sikuijua, ninahitaji kuijua kabla ya Juni. Na kama utaweza kuja mwenyewe, hata kwa wiki moja, kiti chako kipo.

Binti yako,
Mwanakheri


Kilosa,
24 Machi 2024

Binti Mwanakheri,

Marahaba.

Barua nimeipata. Imelowa pembeni lakini inasomeka.

Ni kweli ilikuwa masaa manne. Mkaa ulikuwepo. Tanuri lilikuwa zima. Ulichoandika kwenye ripoti ni sahihi, sina la kuongeza.

Kuja Mikumi siwezi. Tanuri langu nililivunja ule mwaka wa ajali, mwezi wa kumi na mbili. Matofali yake Mama Yeremia amejengea banda la kuku. Sasa nalima mpunga upande wa Kilangali, shamba la kukodi. Mikono imeshasahau.

Kwa hao wa Kidodi, chomeni masaa manane au hata kumi. Kila nyundo ikishapoa itundikeni kwa waya, igongeni, msikilize. Nzima inalia kama kengele. Yenye pango inajibu kama debe. Kazi hiyo apewe mtu mwenye masikio mazuri.

Usinipigie simu.

Msalimie mama yako.

Shimba Seni


Mikumi,
2 Aprili 2024

Fundi Shimba,

Shikamoo.

Tumo katika kumi la mwisho la Ramadhani na nilijizuia siku tano nisikuandikie kwa hasira. Nimeshindwa. Nilikuomba sababu, ukanipa habari za banda la kuku.

Miaka mitatu nilikaa kwenye karakana yako. Nilikuja na cheti changu cha chuo na viatu vyeupe, ukanicheka, ukanipa koleo. Ulinifundisha kuijua rangi ya chuma kilichoiva bila kipimo. Mama yangu alikuwa akilalamika kwamba nakutaja wewe kuliko ninavyomtaja marehemu baba. Halafu leo unaniandikia kama mtu anayejibu barua ya serikali.

Lakini hasira yangu si hiyo. Ni huo ushauri wako wa kugonga na kusikiliza. Fundi, zile nyundo kumi na mbili tulizompa Kasiani ulizigonga. Nilikuwepo. Nilirudi kutoka maonyesho ya Morogoro siku moja baada ya kuzimimina, ukazitundika chini ya bati, ukazigonga moja moja huku nikikupiga video ya kuwaonyesha wakubwa wa taasisi. Juzi niliitafuta ile video. Sijawahi kuitazama tangu ajali. Niliitazama nikiwa nimeweka simu sikioni, siangalii picha, nasikiliza tu.

Nyundo kumi na moja zinalia. Ya kumi na mbili hailii. Inasema "ko", basi, kama mtu anayebisha hodi kwenye ubao. Halafu inasikika sauti yangu mimi mjinga nikicheka na kusema, "Zote kumi na mbili!" Halafu sauti yako: "Nzima."

Mimi nilikuwa nabwabwaja, sikusikiliza, na hilo nitalijibu mwenyewe. Lakini wewe ni Shimba. Watu walikuwa wanakuletea gia za trekta kutoka Mamboya ili uzigonge tu na kuwaambia kama zina ufa. Sauti ile hata mtoto angeitambua.

Ulijua? Uliiacha ipite ukijua?

Mwanakheri


Mikumi,
28 Aprili 2024

Fundi,

Shikamoo. Lightness amenithibitishia kwamba barua yangu uliichukua mwenyewe mkononi. Wiki ya nne hii. Nilikuuliza neno baya na najuta kuliuliza vile, lakini siwezi kujifanya sikuliuliza. Nijibu lolote. Hata ukinitukana, andika.

Mwanakheri


Kilosa,
12 Mei 2024

Binti yangu Mwanakheri,

Marahaba. Na Idi iliyopita iwe ya heri kwako na kwa mama yako.

Barua zako zote ninazo. Ile ya kuniuliza kama nilijua niliificha ndani ya gunia la mbegu ili Mama Yeremia asiione. Akaiona. Akaisoma yote akiwa amesimama palepale stoo. Ndiye aliyeniwekea karatasi na kalamu mezani. Alisema, "Mtoto wa watu anadhani wewe ni muuaji. Mwambie wewe ni kiziwi."

Basi nakwambia. Mimi sisikii.

Lilianza sikio la kushoto, mwaka mmoja kabla hujaja kwangu. Miaka thelathini feni ya tanuri iko upande huu na nyundo iko upande huu. Kwanza walipotea ndege, nikasema wamehama. Halafu kanisani watu wakawa wanaimba midomo tu. Nikajifunza kuwasoma watu midomo. Wewe una tabia ya kumtazama mtu usoni unapoongea, ndiyo maana tulielewana vizuri. Lakini simu haina mdomo.

Siku ile ulipopiga kutoka kwenye maonyesho ya Morogoro, nyuma yako kulikuwa na vipaza sauti. Niliambulia "masaa ma" halafu "ne" mwishoni. Nikauliza, "Manne?" Ukajibu kitu, nikakichukua kuwa ni ndiyo. Nilishangaa. Maandazi ya mwanzo, yale membamba, tuliyachoma masaa sita, na haya yalikuwa manene zaidi. Lakini nikajiambia huyu ni msomi, huenda amebadili gundi. Ningeweza kumtuma Bonifas, kijana wetu wa karakana, akupigie tena aulize. Hapo Bonifas angejua kwa nini nimemtuma.

Sasa kugonga. Huko ndiko kubaya zaidi.

Mimi nilikuja Kilosa kutoka Usukumani na ng'ombe wa baba yangu, sina kwetu hapa, sina ukoo. Jina nililipata kwa sikio. Wenyeji walikuwa wanaambizana, mpelekee yule Msukuma asikilize. Sikio lilipokwenda niliendelea kugonga, maana nisingegonga wangeuliza. Nikabuni njia ya kuishika nyundo kwa vidole viwili. Nzima hutetemeka, mtetemo unapanda mpaka kwenye kiwiko. Kumi na moja zilitetemeka. Ya kumi na mbili ilitetemeka kidogo, au ulikuwa ni mkono wangu, sijui. Nilitaka kuirudia. Nikakutazama, ulikuwa umeshika simu unacheka, nikaona nikiirudia utaniuliza kwa nini. Nikasema nzima.

Umeniuliza kama nilijua. Sikujua kwamba ni mbovu. Nilijua kwamba sijui. Hilo ndilo linaloniamsha.

Zile simu mbili nilizopokea, niliona jina lako kwenye kioo. Nilichosikia ni kama nyuki ndani ya kopo. Nilisubiri labda neno moja litapenya. Halikupenya, nikaona aibu, nikakata. Sikukata kwa kukuchukia.

Shimba


Mikumi,
17 Mei 2024

Baba yangu Shimba,

Shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikairudia.

Nimekaa na kalamu siku tatu nikitafuta namna ya kukwambia hili bila kujipamba. Haipo. Mimi nilijua.

Si yote. Lakini kiasi cha kutosha. Miezi mitatu kabla ya ajali, lile sufuria kubwa la kuyeyushia liliponyoka kwenye mnyororo likaanguka nyuma yako. Bonifas aliruka mpaka nje. Mimi nilipiga ukelele. Wewe uliendelea kusawazisha mchanga, hukugeuka, mpaka ulipoliona vumbi. Nilijiambia umezama kwenye kazi. Sikuliamini neno hilo hata nilipolisema, lakini nililishikilia. Taasisi ilikuwa inatoa fedha za jaribio kwa sababu ya tanuri lako na jina lako. Ingejulikana kwamba fundi mkuu hasikii, wangelihamishia Dar es Salaam, kwa watu wengine. Nililitaka jaribio lile libaki kuwa langu, Baba. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, na hakuna aliyewahi kunipa kitu kama kile.

Na ile simu. Kurudi Kilosa siku ile kungeniachisha meza ya maonyesho saa ambayo wakubwa walikuwa wanakuja kuitembelea. Ningeweza kumwandikia Bonifas ujumbe, anajua kusoma. Nilikupigia wewe, mtu niliyemshuku kwamba hasikii, katikati ya vipaza sauti. Uliniuliza kitu. Nakumbuka uliuliza. Sikulisikia swali lako. Nilisema, "Ndiyo, ndiyo, hayohayo," ili nikate, kwa sababu nilikuwa nimemwona mgeni wa heshima akivuka uwanja.

Wewe hukusikia kwa sababu masikio yalikufa kazini. Mimi masikio yangu ni mazima.

Tume ya taasisi ya kuchunguza ajali ilipoketi waliniuliza maelekezo yalitolewaje. Niliandika neno moja, "yalitolewa". Sikuandika "kwa simu". Nilisubiri uje ujitetee, ungekuja ningekiri yote, hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Hukuja. Nikashukuru kwamba hukuja, na aibu ya kushukuru kule ndiyo iliyonifanya nikupigie simu mwaka mzima.

Nimeanza kuiandika ripoti upya. Nitaitoa kabla hatujamimina. Na nataka twende Kidodi kwa Kasiani, mimi na wewe pamoja. Naweza kukufuata Kilosa kwa gari la karakana Jumamosi yoyote utakayoitaja.

Mwanakheri


Kilosa,
25 Mei 2024

Mwanakheri mwanangu,

Marahaba.

Ripoti iache. Ukijiondoa wewe, nani atasimamia hayo masaa manane? Mimi nimeshakula lawama, nimeizoea, haiongezeki uzito. Kwa nini tuwe wawili.

Kasiani siwezi. Yule si mteja. Nilipofika huku kijana, ndiye aliyenipokea mizigo Kidodi, mdogo kwangu kwa miaka kumi lakini alinifundisha wapi pa kulisha ng'ombe na wapi pa kukaa mbali. Alipooa Devotha nilisimama upande wake. Baada ya ajali nilikwenda hospitali siku ya tatu. Alikuwa amelala. Niliona shuka lilivyolala bapa upande ule. Niliweka machungwa chini ya kitanda nikaondoka. Tangu hapo nimekuwa nikijiambia kwamba ananichukia na kwamba nikienda nitamtonesha kidonda. Najua ni uongo wa kunipa nafuu. Lakini ndio nilio nao.

Usije na gari.

Shimba


Mikumi,
9 Juni 2024

Baba Shimba,

Shikamoo.

Umechelewa kunikataza. Ripoti niliikabidhi tarehe ishirini na nne, siku moja kabla hujaandika. Nimeandika kila kitu upande wangu: simu, vipaza sauti, sufuria, neno "yalitolewa". Kuhusu masikio yako nimeandika tu kwamba nilikuwa na sababu ya kushuku na sikuifanyia kazi. Wakubwa wa taasisi walinishukuru kwa uaminifu wangu, na wiki iliyofuata wakanihamishia ofisini Morogoro, kupanga mafaili. Naondoka mwisho wa mwezi. Karakana anaichukua Goodhope, msaidizi wangu. Ni mwangalifu kuliko mimi. Maelekezo yote sasa yanaandikwa, na neno MANANE limepakwa kwa rangi ya mafuta ukutani juu ya tanuri. Nyundo za Kidodi amezigonga yeye, nami nikazigonga baada yake, tukazikataa nne.

Lakini si hilo lililonikalisha kuandika. Jana nilikwenda kwa Kasiani peke yangu.

Alinipokea vizuri, na hilo ndilo lililonichanganya. Devotha alileta kiti, akaleta maji. Kasiani ana shamba dogo la miwa, anauza kwa malori yanayopita. Ameshajua kufunga kamba za viatu kwa mkono mmoja na meno, akanionyesha kwa fahari. Akauliza, "Mzee Shimba hajambo?"

"Hajambo."

"Bado ananikasirikia?"

Nilidhani sikuelewa. "Akukasirikie kwa lipi, kaka?"

"Kwa lile jiwe."

Baba, nisikilize vizuri. Siku Kasiani alipotoka hospitali, mwenye mashine alimwita akamwambia kwamba alizubaa, akaacha jiwe lipite pamoja na miwa, na kwamba jiwe ndilo lililovunja nyundo. Akamwachisha kazi kwa uzembe. Ripoti yangu ilikwenda taasisi, ikafungiwa kabatini. Hakuna aliyeipeleka Kidodi. Sikuwahi hata kufikiria kwamba kuna mtu wa kupelekewa ripoti hiyo Kidodi. Mwaka mmoja na miezi tisa Kasiani anaamini kwamba mkono wake aliukata mwenyewe.

"Nimejaribu kulikumbuka hilo jiwe," akaniambia. "Nikifumba macho naiona miwa inaingia, naweza kukuhesabia muwa mmoja mmoja. Jiwe silioni. Lakini lazima lilikuwepo. Shimba hawezi kutoa nyundo mbovu. Shimba aliigonga."

Nilimwambia hakukuwa na jiwe. Nilimwambia habari ya pango, na masaa manne, na simu yangu. Nililia, na nikaona aibu kulia mbele ya mtu ambaye yeye hakulia. Devotha alisimama, akaingia ndani, hakutoka tena mpaka nilipoondoka. Kasiani aligeukia njia ya malori. Halafu akauliza jambo moja tu.

"Na aliigonga?"

Nikamwambia hilo atakujibu mwenyewe.

Sikufanya hivyo kwa ujanja wa kukulazimisha. Nilishindwa tu kulitoa kinywani.

Mwanakheri


Kilosa,
23 Juni 2024

Mwanangu Mwanakheri,

Marahaba.

Jana nilikwenda Kidodi. Nilitaka Mama Yeremia anisindikize anisaidie kusikia, halafu nikabadili mawazo njiani nikamwacha kwa dada yake pale Mikumi.

Kasiani nilimkuta shambani. Alikuwa anapalilia, mpini wa jembe kaubana kwapani upande ule uliokatwa, anausukuma kwa mkono uliobaki. Aliniona tangu mbali. Hakuacha kulima. Nilipofika nikamsalimu, akaitikia, niliona mdomo. Sikuzunguka. Nikamwambia, "Niliigonga, Kasiani. Lakini sikusikia kitu. Masikio yangu yalikuwa yamekufa zamani, na nilikuwa nawadanganya watu wote, na wewe nilikudanganya. Nyundo ilikuwa mbovu. Jiwe halikuwepo."

Akanigeuzia mgongo akaanza kusema. Alisema mengi. Niliona mabega yakipanda na kushuka, niliona mkono unakwenda hewani. Neno hata moja sikulipata. Na nikwambie ukweli, mwili wangu ulikuwa tayari kufanya nilivyozoea, kutikisa kichwa na kusema sawa, sawa ndugu yangu, na kungoja amalize.

Nikamzunguka nikasimama mbele yake kwenye tuta. Nikasema, "Sikusikia. Samahani, rudia."

Alinitazama kama mtu anayetaka kupiga. Nadhani angekuwa na mikono miwili angenipiga, na ningesimama. Kisha akarudia, polepole, midomo wazi kabisa. Alisema, "Nimemwomba mke wangu msamaha kila siku. Watoto nimewaambia baba yenu alizubaa, msiwe kama yeye. Kanisani nimeungama jiwe ambalo halikuwepo. Ungekuja siku moja tu, Shimba. Ile siku ya machungwa ungekaa kidogo niamke."

Kumbe alijua machungwa ni yangu.

Nilisimama pale mpaka akanionyesha kwa kidevu kwamba nimekanyaga mche. Nikatoka kwenye tuta. Hakunipa mkono, na mimi sikuuomba. Devotha alikuwa mlangoni, hakuleta kiti, ila alinitazama mpaka nilipofika barabarani.

Umepoteza kazi uliyoipenda, na mimi ndiye niliyekufundisha kuipenda. Nilikuambia uache ripoti. Nilikosea katika hilo pia. Kama ungeniandikia ile barua ya sufuria mwaka juzi, au mimi ya masikio, Kasiani asingeungama jiwe. Tulikuwa wawili tunaojua nusu nusu, kila mmoja amekalia nusu yake.

Ukifika Morogoro niandikie anwani. Mambo ya mafaili nayo ni kazi.

Mama Yeremia alinisubiri stendi ya Mikumi. Aliniuliza, mbele ya watu, kwa sauti ya kunifaa mimi, kama Kasiani amenisamehe. Nikamwambia hapana. Akauliza kama amenialika tena. Nikamwambia hapana. Akauliza sasa mbona nimeulizia basi la Kidodi la Jumamosi ijayo. Nikamwambia Kasiani ana palizi ya ekari nzima, na mkono mmoja.

Baba yako,
Shimba Seni